Nani Hasimami na Nani

Jumapili, Uyole. Baridi ya leo haina adabu. Ukungu umegoma kuondoka hadi karibu na mchana, na vidole vyangu vilikuwa vizito hata kugeuza lenzi.

Nimetoka Iringa kuja kupiga picha ya familia moja. Baba mwenye mji ana presha ya macho. Jicho la kushoto limeshazima, la kulia linafuata. Anataka picha ya watu wake wote, aione mwenyewe wakati bado anaona.

Nilijua uzito wa kazi, na bado nikaanza kwa ubabe. Mimi nikishika kamera nageuka mkuu wa gwaride: wewe kaa, wewe nyoosha shingo, wewe ficha simu. Nikamshika mkono Neema, mke wa mtoto mkubwa. "Dada, simama hapa, mwekee baba mkwe mkono begani."

Neema akarudi nyuma, kitenge kimefunika uso. Mzee akageuka akatazama ukuta.

Mama mwenye nyumba akanivuta pembeni. "Mwanangu, huyu hamkaribii baba mkwe wake, wala hawatazamani. Sisi Wanyakyusa ndivyo tulivyolelewa. Wengine wameacha, mzee wangu hajaacha."

Niliona aibu. Babu yangu alitoka Pwani. Kwetu mkwe anapewa mkono na kuulizwa habari za safari. Neema ameolewa hapa miaka mingi, wanawe wako sekondari, na mzee hajawahi kumtazama usoni.

Nikapanga upya, safari hii nikimuuliza mama kabla ya kumgusa mtu. Mzee kwenye kiti, mwisho kabisa kushoto. Neema mwisho wa kulia, nyuma ya mawifi zake. Katikati nikajaza wajukuu.

Sasa wote wakakauka kama wanapigwa picha ya kitambulisho. Nikawabembeleza wacheke, wapi. Nikarudi nyuma ili waenee, nikarudi tena, nikajikwaa kwenye tuta la viazi nikakaa chini pu!

Walicheka wote, hata Neema, kitenge kikamtoka usoni. Nikabonyeza hapohapo nilipokaa.

Mzee akaomba aone. Nikaikuza picha kwenye kioo cha kamera, akaisogeza hadi karibu iguse jicho lake, akawapitia mmoja mmoja. Kwenye mwisho wa kulia akatulia. Kumbe picha haina mwiko.

"Huyu ndiye Neema?"

Mama akaitikia kwamba ndiye.

"Ana mwanya," mzee akasema. "Kama marehemu mama yangu."

Hakunirudishia kamera upesi, nami sikuiomba.

Wiki ijayo nina harusi Mafinga. Nitauliza kwanza nani hasimami na nani, ndipo nianze kuamrisha watu. Hilo nimelielewa.

Ila nisingeanguka, angeuona mwanya?