Fomu Isiyo na Sehemu ya Kusindikizwa

Lindi,
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na kamwene wote mnaoota moto hapo jikoni wakati wifi Eliza anakusomea barua hii. Mimi mzima, ila joto la huku linanitoa jasho hata nikiwa nimekaa. Natumaini baridi ya Njombe haijakubana kifua mwaka huu. Nasema natumaini kwa sababu kila nikikuuliza kwa simu unanijibu habari za mahindi.

Nimeamua kuandika kwa kuwa kwenye simu huniachi nimalize. Juzi ulisema, "Nenda kaombe radhi, mwanangu, usishindane na wakubwa," halafu ukakata. Kaka amekwambia nimegombana na mkuu wa idara na kibarua changu kinakaribia kuota nyasi. Ni kweli. Lakini radhi siombi, na leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Najua majirani wanasema nafundisha habari za vichaa. Waambie sivyo. Saikolojia ya afya ni kuwafundisha vijana, watakaokuwa wauguzi na maofisa ustawi wa jamii, kwa nini mtu anaumwa na hasemi, kwa nini anapewa dawa na hamezi. Darasani wananijibu vizuri mno. Mwezi uliopita tukawapeleka Kiswere, kijiji cha wavuvi kati ya hapa na Kilwa, wapite nyumba kwa nyumba na fomu, wajifunze kuzungumza na watu.

Siku ya kwanza Hashimu, kijana wa Dar, mwepesi wa kila kitu, aliniletea fomu zake wenzake hawajafika hata nusu. Kila nyumba ameandika "Hana tatizo". Kijiji kizima hakuna hata anayeumwa kichwa! Nikamwambia kesho tunarudi wote nyumba ya kwanza.

"Madamu, mbona yule bibi yuko freshi tu? Kasema mwenyewe hajambo."

Nyumba yenyewe ni ya Bi Mwanahawa, mjane wa umri wako, msuka mikeka. Tulipiga hodi, akatukaribisha, akatutandikia. Nikauliza hali. "Alhamdulillahi, hatujambo, mwanangu." Nikauliza mwili. "Mwili twashukuru." Akatuletea chai na mihogo, akaniuliza kwetu wapi, akashangaa watu tunaishije kwenye baridi kiasi hicho. Hashimu alikuwa anachungulia saa. Tulipoaga, Bi Mwanahawa akajitanda kanga aje kutusindikiza, na kijana wangu akawahi kusema, "Usijisumbue, bibi, wewe kaa tu." Nikamkanyaga mguu.

Jana yake alikuwa amemwambia bibi maneno hayohayo, kwa adabu kabisa, na ndiyo maana hakuona kitu. Bi Mwanahawa alikuwa anatembea kwa kisigino. Tulikwenda naye taratibu mpaka nje ya uzio wa makuti, mahali ambapo wajukuu hawasikii. Hapo akasimama, akasema bila kunitazama, "Mguu huu, mwanangu, haunipi usingizi."

Chini ya unyayo kulikuwa na kidonda ambacho sikuamini mtu anaweza kukikanyagia. Ana ugonjwa wa sukari, mama, na dawa ameziacha siku nyingi. Kuna kituo cha afya alipelekwa, mbali na pale, mhudumu akamfokea mbele ya foleni nzima kwamba anakula ovyo halafu anakuja kuwasumbua watu. Kwenye foleni hiyo alikuwemo mkwewe.

"Mkwe wangu, mwanangu! Kakaa pale anasikia. Nirudi kwa uso gani?"

Hashimu aliikunja fomu. Aliinama akautazama mguu, kisha akasema, "Basi, bibi, kesho asubuhi tukusindikize sisi. Kituo kingine." Bi Mwanahawa akacheka, akakubali. Kidonda sasa kinasafishwa, na dawa anameza.

Nilirudi chuoni nimejaa hasira, na sehemu kubwa ya hasira ilikuwa juu yangu. Fomu ile niliipitisha mimi. Mimi niliyewafundisha vijana mambo yote ya aibu na woga wa wagonjwa ndimi niliyewapa karatasi ya kuwaharakisha waishie mlangoni. Nikamwambia mkuu wa idara kwamba watu husema ukweli wakikusindikiza, kwa hiyo hakuna fomu hata moja ya kuaminika, tupewe wiki turudi kila nyumba. Unajua alinijibu nini? "Mwalimu, ripoti inasubiriwa. Fomu haina sehemu ya kusindikizwa." Nisaini ifikapo Ijumaa, la sivyo mkataba wangu ukiisha hauongezwi. Nikamwambia basi fomu hiyo ni mbovu na sahihi yangu haiingii humo. Sauti ilipanda, hilo nakiri, hata mlinzi wa getini alisikia.

Ijumaa imepita. Sijasaini.

Jana wanafunzi walinifuata nyumbani wenyewe, Hashimu mbele, tukarudi Kiswere bila fomu. Walikunywa chai ya watu, wakaaga, wakakubali kusindikizwa. Mmoja alirudi na habari ya mzee anayekwenda kukohoa nyuma ya nyumba ili mkewe asisikie. Wakinifukuza kesho, hilo nimeshawafundisha, na hakuna wa kulifuta.

Sasa niambie, mama, niombe radhi ya nini? Mwanamke wa watu akatwe mguu, karatasi yenye jina langu inasema hana tatizo? Sitaki. Nitarudi kulima viazi na wewe, na nitavilima nikiwa nimenuna.

Msalimie kaka, mwambie ulimi wake mrefu nimeusikia mpaka huku pwani. Msalimie shangazi anayeniombea nipate mume, mwambie kwanza aniombee kazi. Mchungaji naye mpe salamu zangu.

Limebaki moja, na hili linaniuma. Nilipomwona Bi Mwanahawa anasimama pale kwenye uzio, nilikukumbuka wewe. Krismasi uliponisindikiza barabarani ulisimama mara mbili, umeshika kifua, ukasema unatazama mahindi ya jirani. Mimi nikatazama saa, nikakwambia, "Rudi, mama, usijisumbue." Nikapanda basi. Mwalimu mzima wa saikolojia ya afya! Nisamehe. Radhi yako ndiyo pekee ninayoiomba mwaka huu.

Wifi Eliza, umesoma vizuri. Sasa kunja barua, aga kama unakwenda kwako, na usimwambie mama akae. Najua amesikia kila neno na hapo alipo ananinunia. Atakusindikiza tu. Tangu nizaliwe sijaona mtu akitoka nyumba ile peke yake. Tembea polepole. Akisimama kutazama mahindi, simama naye, wala usiseme kitu mpaka aseme yeye.

Mwanao mkaidi,
Atukuzwe