Choo cha Kuonyesha Wageni

Runzewe, 3 Juni 2024

Mwanangu Klara,

Hujambo? Kazi za Geita zinakwendaje? Sisi huku wazima, ila mimi nina hasira na mradi wenu.

Fundi wenu Ignas ametujengea choo kizuri, sakafu ya saruji na maji ya kunawa mlangoni. Asante. Lakini kakifukia kile cha nyasi alichokuwa anatumia Zipora, mke wa kaka yako. Eti wageni wa mradi wanaokuja mwezi huu wasikione. Sasa choo ni kimoja, na wewe umezaliwa nyumba hii, unajua baba mkwe na mkamwana hawaingii choo kimoja. Baba yako kaachiwa hicho kipya. Zipora, na mimba yake ya miezi saba, anajisaidia porini, kule kwenye maduara, yale mashimo waliyoyachimba watu wa dhahabu wakayaacha wazi. Amosi alitaka kumchimbia mkewe kingine, Ignas kakataa. Mwambie huyo fundi wako atuache.

Mama yako

Geita, 11 Juni 2024

Mama, shikamoo,

Natumaini hamjambo nyote, na mgongo wa baba umepata nafuu. Mimi mzima.

Mama, Ignas anafuata agizo langu. Wageni wanakuja kuona vyoo bora tu. Wakikuta kibanda cha nyasi, tena nyumbani kwetu, uso wangu nitauweka wapi? Hayo mambo ya mkwe yamepitwa na wakati. Zipora atumie hicho hicho, au avumilie mpaka tarehe ishirini na tano. Wakishaondoka, Amosi achimbe hata vitatu.

Mwanao Klara

Runzewe, 19 Juni 2024

Klara,

Shikamoo yako nitaiitikia siku nyingine.

Zipora alivumilia kama ulivyoagiza. Juzi alfajiri udongo ulimtitia kando ya duara, akatumbukia. Amosi na majirani walimtoa kwa kamba. Yuko hospitali, mguu umevunjika. Mtoto alizaliwa amekufa, wa kiume. Tumemzika nyuma ya nyumba.

Kile choo cha nyasi kilikuwa na nzi, sikatai. Lakini hakikuua mtu.

Amosi ameshachimba kingine, pale pale mnapoegesha magari yenu. Ignas alikuja kumkataza, baba yako akamfukuza kwa fimbo.

Wageni walete, hakuna aliyewazuia. Baba yako atawapeleka kaburini kwanza, awaeleze yote kwa Kisukuma. Mkalimani utakuwa wewe. Usiruke neno hata moja.

Mama yako