Tulikuwa Watu Gani Langoni?

3 Machi

Mwanangu mkalimani,

Hujambo huko? Mimi mzima, ila magoti yananisumbua na usingizi sipati. Kiwanda kimetushtaki sisi mafundi cherehani wa zamu ya asubuhi kwa yale ya langoni. Barua ni ya Kiingereza, na neno moja linarudi kila mstari: "mob". Msimamizi akilitamka anacheka. Hebu niambie, tumeitwaje?

Mama yako

9 Machi

Mama,

Shikamoo. Pole na magoti. Ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeiweka kabatini ingoje wageni?

Hilo neno baya. "Crowd" ni watu wengi tu, kama wa sokoni. "Audience" wamekuja kusikiliza, "congregation" kusali. "Gathering" wamekutana kwa amani. Lakini "mob" wamepandwa na hasira, wanavunja na kupiga. Hakimu akilikubali, mnafungwa. Nitamwandikia wakili wenu aweke "gathering". Kwani mlifanya nini pale langoni? Nijibu upesi, sina raha.

Mwanao

16 Machi

Mama, shikamoo. Mbona kimya? Simu umezima. Wakili anasema kuna jiwe. Semeni hakuna aliyerusha, basi. Nakuomba, mama.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Simu nimezima kwa sababu msimamizi anapiga kututisha. Na maneno yako nimeyajaribu yote, hakuna lililonikaa.

Unajua wanavyofunga lango la kiwanda kwa nje ili mtu asitoke kabla ya saa. Siku ile tulifika zamu tukakuta moshi, wenzetu wa usiku wako ndani wanagonga. Mlinzi ana ufunguo mkononi, anasubiri ruhusa ya tajiri! Tulimsikiliza. Tulisali. Mwisho nikaokota jiwe nikavunja dirisha, wakatokea hapo wote, hata shoga yangu mwenye mimba.

Jumatatu nitamwambia hakimu ni mimi. Wenzangu wanataka kusema ni sisi sote, nimewakatalia. Wewe msomi, watu wa hivyo wanaitwaje?

Mama yako

22 Machi

Mama,

Shikamoo. Sijui wanaitwaje. Wakili nimemwambia aachane na karatasi yangu ya "gathering".

Niliomba nikutafsirie mwenyewe mahakamani, wamekataa kwa kuwa mimi ni mwanao. Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi, mimi nafuata na la jioni. Ukishasema "ni mimi", geuka uangalie benchi la nyuma. Nitakuwa nimesimama.

Mwanao