Makoti Matano ya Mbio za Farasi

Antanimasaja, Mahajanga

Kwa kaka yangu Abdalla, Mombasa.

Shikamoo. Hiyo ni haki ya umri wako, usiidhani ni ya mapenzi. Natumai u mzima na kile kifua chako kimepoa, maana nataka uisome barua hii ukiwa na pumzi za kutosha. Mama hajambo? Mguu wake unaendeleaje? Nakuomba usimsomee haya. Msomee salamu zilizo mwishoni, mengine yote ni yako.

Sisi huku tu wazima. Mke wangu Zainaba anakusalimu. Yeye hana kinyongo na mtu, kwa hiyo salamu zake zipokee.

Utakumbuka nilikuandikia kwamba nimepata kazi ya kisiwani Nosy Be. Mfaransa mmoja mwenye hoteli kule aliamua kufanya mbio za farasi nyuma ya hoteli yake, akataka yeye na rafiki zake wanne watakaogawa vikombe wavae kama mabwana wa Uingereza: koti jeusi lenye mkia, kizibao cha kijivu, suruali ya mistari na kofia ndefu kama chungu. Jua la Nosy Be linakausha samaki kabla ya adhuhuri, na wao wanataka sufu! Lakini mteja ni mteja. Kitambaa alikileta mwenyewe. Mafundi wamejaa Mahajanga, akanichagua mimi kwa sababu nilimwambia kwamba marehemu Baba alikuwa akiwashonea makoti hayo Wazungu wa Mombasa waliokwenda mbio za Nairobi. Nilijigamba, sikatai.

Ndipo nikakuomba unitumie karatasi za Baba za kukatia. Unajua kwa nini nilizihitaji. Dukani kwa Baba mimi nilikuwa mtu wa suruali. Makoti alikata Baba, na aliyesimama pembeni yake kumshikia kitambaa ulikuwa wewe. Ukanituma haraka hata nikashangaa, na juu ya bahasha umeandika kwa mkono wako: koti la mbio za farasi, kamili. Niliibusu bahasha ile, Abdalla. Wallahi niliibusu.

Nikakata. Nilipofika sehemu ya mbele nikaona koti linaishia kiunoni, limenyooka, na nyuma tu ndiko inakoning'inia mikia miwili. Moyo ukaniuliza, mbona mbele hakuna kitu? Nikaunyamazisha. Mimi fundi wa suruali ni nani hata niisahihishe karatasi ya Baba? Nikashona wiki tano. Zainaba alitia vifungo vyote, na kila koti alilipiga pasi mara mbili. Nikayafunga kwenye shuka safi nikayapakata njia nzima, siku mbili za mashimo na vumbi mpaka bandari ya Ankify, na kwenye boti nikayaweka kichwani yasirukiwe na maji ya chumvi. Abiria walinicheka. Niliona fahari.

Siku ya mbio, saa nne asubuhi, mabwana wakavaa. Mimi nilisimama nyuma yao na sindano kwenye ukosi, kama fundi anavyosimama. Akaja mgeni mmoja wa hoteli, mzee wa Kiingereza, mkononi ana glasi tupu. Akamkabidhi glasi ile yule Mfaransa, akaagiza nyingine yenye barafu.

Alidhani ni mhudumu!

Alipoelewa, mzee alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaeleza kwa Kifaransa, nami nikasikia kila neno. Koti lile ni la usiku, la karamu na la wapiga muziki. La mbio za farasi lina kifungo kimoja tumboni, na kuanzia hapo kitambaa kinateremka kwa mpindo mrefu kikielekea nyuma ya magoti. Akauchora mpindo huo mchangani kwa bakora yake. Pale pale nikaukumbuka mkono wa Baba ukishuka na chaki bila kuinuka, nikajua mzee anasema kweli. Nilitamani mchanga ule unifunike.

Mfaransa hakupiga kelele. Alivua koti lake, akawaambia rafiki zake wavue, akawaita wahudumu watano akawavisha mmoja mmoja. Akanigeukia. "Mpanjaitra," akaniambia, ndivyo fundi cherehani anavyoitwa huku, "tazama, kumbe yanawaenea."

Mabwana wakakaa na mashati. Makoti ya Baba yakashinda kutwa yakibeba sinia za vinywaji, yakifuta meza, yakiokota vizibo vya chupa. Farasi walikimbia, sijui nani alishinda. Hata kurekebisha sikuweza. Kitambaa ukishakikata umekikata, huwezi kukirudishia mbele yake. Na niliporudi Mahajanga habari zilikuwa zimenitangulia. Sokoni wananiita fundi wa masinia, na wateja wawili wamekuja kuchukua vitambaa vyao, eti wamebadili mawazo.

Sasa sikiliza. Nilizitandaza karatasi mezani, mchana kweupe. Kingo zake zote zimekuwa kahawia kwa uzee, isipokuwa mahali pamoja. Pale mbele, chini ya kiuno, ukingo ni mweupe. Na katika ukingo huo, kila baada ya vidole vinne, kuna kijino kidogo kilichochanika. Mkasi wenye pengo namna hiyo naujua mmoja tu duniani, na uko mezani kwako. Umeikata karatasi ya Baba kwa mkasi wa Baba, kisha ukaandika kamili.

Nilipiga kelele nyumba nzima. Nilikuita majina ambayo sitayaandika. Zainaba aliniacha mpaka nikachoka, kisha akasema, kwa Kimalagasi, maana ndiyo lugha ya nyumba yetu na Kiswahili nakibakiza kwa barua zako tu: "Ndugu yako alikuita mara tatu uje umwone baba yako kitandani. Ukajibu una suti za harusi za watu. Mzee kazikwa hukuwepo na hukulia. Leo unalilia karatasi?"

Alisema kweli. Na wewe pia una haki katika hilo. Nilikosa. Nakuandikia neno hilo mara moja, usitegemee nitalirudia. Lakini kama ulitaka kunilipa, ungenitukana. Ungenitenga. Ungeliambia jiji zima la Mombasa kwamba mdogo wako hana utu, nami ningeinamisha kichwa. Mpindo ule Baba aliuchora kwa mkono wake, na mkono wenyewe haupo tena. Wewe ulimuuguza, ukamwosha, ukamshusha kaburini. Uliwezaje, kaka?

Msalimie sana Mama, mwambie namkumbuka kila siku. Msalimie shangazi yetu wa Kuze, na mwalimu wetu wa chuoni ikiwa bado macho yake yanaona. Shemeji na wanao wape mkono wangu. Wewe sikusalimii.

Nakuomba kitu kimoja. Kipande ulichokikata, chenye mpindo wa Baba, nakujua, hukukitupa. Hukuwa na moyo huo. Kitie katika bahasha, usiandike neno lolote, nitumie. Koti sitakata. Nitakigundisha mahali pake tu. Kikifika, nitapanda chombo nije niombe radhi kaburini, na wewe utanipeleka, kwa sababu sijui Baba alizikwa upande gani.

Mdogo wako,
Shaibu