Damu Yangu Ina Alama Mbili, ya Mke Wangu Moja

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na kabla hujaanza kunijibu jua kwanza ni nani anakuandikia, mimi ni Wamae wa Mweiga, yule wa ng'ombe wa maziwa, ukishuka steji uliza mtu yeyote atakuonyesha boma, na shule niliachia darasa la sita si kwa ujinga bali kwa sababu mwalimu alisema amemaliza kunifundisha, kwa hivyo mimi nitakueleza vizuri na wewe unijibu vizuri.

Kanisa letu liliita madaktari wakaja kupima watu bure, sukari, presha, na ati hepatitis B, ile homa ya ini, na mke wangu Watiri akadungwa kidole, tone moja likawekwa kwa kijiti, baadaye akapewa karatasi imeandikwa HBsAg na mbele yake alama moja ya kujumlisha, akaambiwa aende kliniki ya ini Nyeri mjini na mzee wake pia akapimwe. Mimi siku hiyo sikuwa nimepimwa kwa sababu upepo wa Aberdare ulikuja na mimi ndiye nilikuwa nashikilia mahema yasiende, mahema manne kwa mikono miwili, uliza pasta. Basi nikaenda maabara moja huko mjini, damu ikatolewa kwa mkono, ikajaza chupa kabla yule msichana hajamaliza kusema pole, akaniambia hajawahi kuona damu iko na haraka hivyo. Karatasi yangu ikatoka na mistari mitatu. HBsAg, alama ya kutoa. Anti-HBs, alama ya kujumlisha. Anti-HBc, alama ya kujumlisha. Msichana alitaka kunielezea nikamwambia asijichoshe, hizo alama nazijua kabla yeye hajazaliwa.

Na kweli nazijua, mshauri, kwa sababu mtu wa maziwa hupima ng'ombe wake ugonjwa wa kiwele, unakamua kidogo kwa kile kibao cha vikombe vinne, unatia dawa, unazungusha, maziwa yakianza kushikana kama uji unaandika alama moja ya kujumlisha, yakishikana zaidi unaandika mbili, na mbili ni mbaya, hiyo maziwa hata paka hapewi. Sasa mimi niko na mbili na Watiri yuko na moja, si hesabu ni hiyo tu. Nikafika nyumbani nikamkalisha chini.

"Mama Muchiri," nikamwambia, "wewe umeguswa tu. Mimi ndiye nimebeba."

"Ngai, Baba Muchiri, na vile unakula."

"Mwanaume hula hata akiwa anakufa."

Tangu siku hiyo nimelala kitandani kama mgonjwa anavyotakiwa kulala, Watiri anakamua, anakata majani, ananiletea supu ya kichwa cha mbuzi, kikombe changu kimefungwa uzi mwekundu asije mtu akakinywea, na kuna mizizi michungu tumenunua kwa mzee mmoja wa dawa, mimi nakunywa na yeye anakunywa kidogo ya kunipa moyo. Kliniki yeye hakuenda. Walimpigia simu wakampa siku nyingine mwisho wa mwezi huu, na hata hiyo amesema, "Nikafanye nini huko na kaalama kangu kamoja, na mtu wa mbili amelala hapa? Nani atakuangalia?" Na mimi nikaona amesema ukweli.

Shida imeletwa na Tabby, binti ya dada yangu, yule wa duka la dawa za mifugo. Alikuja kuniona mgonjwa, akachukua karatasi yangu akaangalia, akachukua ya Watiri akaangalia.

"Anko, kwa kiwele unapima kitu kimoja kwa matiti manne. Hapa wameandika majina matatu. Sasa ni magonjwa matatu?"

"Wewe uza dawa ya kupe," nikamwambia.

"Nitauza. Lakini mbona anti Watiri yuko na jina moja tu, na hilo jina kwako ndilo liko na alama ya kutoa?"

Nikamwambia anyamaze nikinywa supu, lakini hilo neno limekataa kunitoka kichwani, na mimi nikishikwa na jambo nataka kujua mpaka mwisho. Hizo herufi ni za nini? Kwa nini mimi mistari mitatu na yeye mmoja? Inawezekanaje karatasi moja iseme uko na ugonjwa na iseme tena huna? Na hii nakuongezea usome, nikiwa kijana nikichimba visima huko Isiolo macho yaligeuka manjano kama ndizi hata watu wakawa wananiazima usiku kama taa, nikanywa mayai mabichi trei nzima ikaisha, je, ni huo ugonjwa umerudi ama ni mwingine? Na mwisho, kati yangu na Watiri nani aende hiyo kliniki kwanza, maana ng'ombe hawawezi kubaki peke yao?

Ni mimi mgonjwa anayevumilia,
Wamae, Mweiga.

Mshauri anajibu:

Mzee Wamae, toka kitandani. Kwa karatasi uliyoniandikia, wewe si mgonjwa wa hepatitis B. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikicheka, na mara ya pili nimeshika kichwa, kwa sababu aliye na jambo la kuangaliwa upesi ndiye anayekubebea supu.

Tabby ameuliza vizuri. Swali hilo ungemwacha yule msichana wa maabara alijibu, badala ya kumkatiza. Kibao chako cha kiwele kina swali moja tu, ugonjwa ni mwingi kiasi gani, ndiyo maana alama zikiongezeka hali ni mbaya. Karatasi yako ya damu ina maswali matatu tofauti. Huwezi kuyajumlisha, kama usivyoweza kujumlisha viazi, mvua na jirani.

Ile HBsAg inauliza kama kirusi kiko mwilini sasa hivi. Kinachotafutwa ni kipande cha ganda la kirusi chenyewe, na ganda likionekana, mwenyewe yupo. Kwako jibu ni hapana. Anti-HBs inauliza kama mwili una kinga ya kukizuia. Kwako jibu ni ndiyo, na hiyo ni habari njema, si ugonjwa. Anti-HBc inauliza kama mwili umewahi kukutana na kirusi chenyewe, maana aliyechanjwa tu huwa na ile alama ya pili bila hii ya tatu. Kwako ni ndiyo tena. Soma yote pamoja: kirusi kilikuingia siku fulani, mwili wako ukapigana nacho ukashinda, na damu bado inakumbuka vita. Labda ni wakati ule wa macho ya manjano, labda sio, kwa sababu wengi hupita na ugonjwa huu bila kujua, na macho huweza kugeuka manjano kwa mambo mengine. Mayai usiyape sifa. Ila kumbuka jambo moja: ukiwahi kupewa dawa kali kama za saratani, mwambie daktari kuhusu karatasi hii kwanza, kwa sababu kirusi huweza kujificha kwenye ini kikaamka kinga ikishushwa.

Sasa tuje kwa Watiri. Yeye ana alama moja kwa sababu aliulizwa swali moja tu, lile la kwanza, na jibu lake ni ndiyo. Hiyo alama moja ina uzito zaidi kuliko zako mbili. Haimaanishi anakufa. Haisemi hata kama ini limeumia, wala kama kirusi ni cha juzi au cha miaka mingi. Hayo ndiyo kliniki inataka kujua: watarudia kipimo, watapima kirusi ni kingi kiasi gani na ini likoje, na kipimo kile kikibaki vile vile baada ya miezi sita, ndipo huitwa ugonjwa wa kudumu. Wengine hupewa kidonge cha kila siku, wengine huangaliwa tu kila baada ya muda, na wanaishi wakizeeka. Wanaoharibikiwa mara nyingi ni wale waliokaa nyumbani wakidhani yao ni kidogo. Nani alimwambia yake ni kidogo?

Fungua ule uzi mwekundu. Ugonjwa huu haupiti kwa kikombe, sahani wala kukumbatiana. Hupita kwa damu, kwa kitanda cha mume na mke, na kwa mama kumpa mtoto anapozaliwa, kwa hiyo wembe na mswaki kila mtu awe na wake, na Muchiri na ndugu zake kama anao wapimwe, na wasio na kinga wachanjwe. Ile mizizi mwage leo, maana hujui inalifanya nini ini lake, na pombe asiguse. Na usianze kumhoji Watiri aliutoa wapi. Wengi huupata wakiwa watoto wadogo, na karatasi yako mwenyewe inasema ulikutana na kirusi hicho hicho. Hakuna anayeweza kusoma kwenye damu nani alimpa nani.

Usingoje mwisho wa mwezi. Pigia kliniki simu uombe siku ya karibu, mwombe jirani au yeyote akamue asubuhi hiyo, kisha umkalishe Watiri pale pale ulipomkalisha na umwambie kwa mdomo wako kwamba ulisoma vibaya. Neno hilo asilisikie kwa Tabby. Beba karatasi zote mbili, nenda naye, ukae naye kwenye benchi. Na daktari akitokea mlangoni akauliza mgonjwa ni nani, wewe nyamaza, aitikie yeye.