Roketi Tuliyoidaka Wawili

Baba Lusungu,

Huku Kisondela mvua haikatiki, maharage yameanza kuoza shambani. Ile roketi ya kuunganisha uliyomtumia Lusungu tumeimaliza. Mabawa nimeyabandika mwenyewe kwa gundi. Jana tukairusha. Ikapita juu ya migomba, parachuti ikafunguka, nami nikaikimbilia macho juu, nisijue baba yako naye anaikimbilia kutoka upande wa pili.

Tukaidaka pamoja.

Tangu uliponioa, kwa mila yetu, mimi na yeye hatujawahi kutazamana wala kusemeshana. Nikapiga magoti, nikajifunika kanga, nikasubiri aondoke. Hakuondoka. Akasema taratibu, "Atupakisye, na wewe mumeo hakupigii simu?"

Miezi yote hii nilidhani unampigia yeye.

Mkeo, Atupakisye