Mama Mdogo Yumo Kati ya Waliopona

Mpendwa mshauri,

Nakuandikia nikiwa nimejifungia kwenye choo cha madaktari, maana ndicho chumba pekee hospitalini kwetu ambamo Profesa hawezi kuingia na kuniuliza utafiti umefikia wapi, na naomba unisaidie kabla sijafanya jambo la kijinga, ingawa huenda nimeshalifanya.

Mimi ni daktari wa kike, nimeolewa, na tangu nikiwa mwanafunzi ndoto yangu ni kuwa bingwa wa upasuaji, lakini nafasi za masomo hayo ni za kugombania, na anayeamua nani apite ni huyo huyo Profesa, ambaye wodini tunamwita Ushahidi kwa sababu ukimwambia lolote, hata kwamba nje mvua inanyesha, atakuuliza ushahidi uko wapi. Aliniahidi kunipitisha nikimsaidia kumaliza utafiti wake wa poda mpya ya vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari, nami nikaona mambo yangu yamenyooka, tena jina langu litakuwa la pili chini ya lake, nikakubali hata kabla hajamaliza sentensi.

Sasa mshauri, kliniki ya utafiti iko ghorofa ya juu kabisa, kwa sababu huko ndiko Profesa alikopewa ofisi mpya yenye kiyoyozi, na lifti imekufa tangu kabla sijaajiriwa, kwa hiyo mwenye kidonda cha mguu akitaka kuangaliwa maendeleo yake inabidi apande ngazi kwa mguu ule ule wenye kidonda, na wanaofika juu, nakuapia, wote wamepona au wanaelekea kupona, tunawapiga picha wakitabasamu. Nilimuuliza Profesa wasiofika tuwaandikeje, akasema bila hata kuinua macho, "Andika wamepona. Mtu akiumwa si anarudi hospitali? Asiyerudi ana ushahidi gani kwamba anaumwa?" Nikaona ina mantiki, au niseme kweli, niliiona ile nafasi ya upasuaji mbele yangu, nikaandika. Siku nyingine kikaoni nilijaribu kusema kwamba baadhi ya vidonda vilikuwa vinanuka, akasema harufu si kipimo, wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka.

Basi Jumapili nikaenda kumsalimia mama mdogo, ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na ada zangu zote za shule zilitoka kwenye cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu. Nilikuwa nimepotea kidogo kwa ajili ya utafiti, na kila nikimpigia simu ananiambia hajambo. Nikamkuta ameketi kitandani mchana kweupe, mguu wa kulia umefungwa bandeji, cherehani imefunikwa shuka. Mshauri, mama mdogo ana kisukari, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwingiza kwenye ule utafiti, nikamwambia ni dawa ya kisasa, naye akapaka poda, kidonda kikazidi kuoza, zile ngazi zikamshinda, mwishowe jirani akampeleka hospitali nyingine, wakamkata vidole viwili.

Nikamuuliza, "Mama, kwa nini hukuniambia?"

Akasema, "Sikutaka kukuharibia kazi, mwanangu. Na nilijua mkiona sirudi mtanitafuta."

Halafu akaniuliza, "Lakini wenzangu inawasaidia?"

Nikamjibu, "Ndiyo, Mama. Karibu wote."

Na katika hao karibu wote na yeye yumo, kwa sababu nimemwandika kwa mkono wangu kwamba amepona.

Wiki ijayo Profesa anapeleka matokeo kwenye mkutano mkubwa wa madaktari, na hospitali imeshaamua poda itumike wodi zote. Mume wangu anasema, "Nyamaza kwanza. Ukishakuwa bingwa utasema kwa sauti kubwa." Mimi nimefikiria njia ya katikati, nimtoe mama mdogo kwenye utafiti kimya kimya kama vile hakuwahi kuwemo, halafu niachane na upasuaji nikasomee mambo ya eksirei, nikae kwenye chumba chenye giza na picha zangu, maana picha hailalamiki. Je, nitakuwa nimekosea? Nijibu haraka, kuna mtu anagonga mlango.

Daktari Niliyekwama

*

Daktari Uliyekwama,

Toka chooni kwanza, wenzako wana haja.

Pole. Tena sehemu kubwa ya pole hiyo ni ya mama yako mdogo, umfikishie, kwa kuwa yeye ndiye aliyekatwa na hakuandikia gazeti. Najua inakuuma. Mtu aliyekulea kwa kukanyaga cherehani umemkuta amefungwa mguu, na dawa ulimpelekea wewe kwa mapenzi. Ningekuwa wewe nisingelala.

Sasa nikuseme. Huyo Profesa wenu anataka ushahidi wa mvua inayonyesha, lakini vidonda vya watu anavihesabu vimepona akiwa amekaa kwenye kiti. Mmemwekea mgonjwa wa mguu mtihani wa ngazi, akishindwa mnampa cheti cha afya njema. Kwa hesabu yenu hiyo hata waliokufa wamepona, tena wao wamepona kuliko wote, maana hawatarudi kabisa! Na wewe, mwenye shahada ukutani, ukaona ina mantiki. Pua yako ilikuambia mapema, ukaichekea pamoja na wenzako.

Lakini kilichonichefua hasa ni hiyo njia yako ya katikati. Unataka kumtoa mama yako peke yake. Mama wa watu wengine je? Wao hawana mtoto daktari wa kuwafutia jina, kwa hiyo waendelee kuoza huku mmewaandika wazima? Hiyo si njia ya katikati, binti yangu. Hiyo ni kuficha uchafu chini ya mkeka na kuusogeza mkeka upande wa jirani.

Mumeo mwambie nimemsikia. Mwambie pia kwamba Profesa naye huenda wakati fulani alishauriwa anyamaze kwanza mpaka apate cheo. Na wa eksirei usiwadharau. Picha hailalamiki, lakini ina mwenyewe, naye yuko nje kwenye benchi anasubiri aambiwe kweli. Ukitafuta kazi ya udaktari isiyo na mgonjwa, acha udaktari.

Fanya hivi. Bila shaka wagonjwa wote waliacha namba za simu siku ya kwanza, kwa hiyo wapigie wasiorudi, mmoja mmoja, muuguzi akiwa pembeni yako anasikia, na uwaulize mguu unaendeleaje. Mwenye hali mbaya aje siku hiyo hiyo, apokelewe chini, mlangoni, asipande popote. Kisha mpelekee Profesa majibu yao na umwombe aisimamishe poda na asiende mkutanoni na yale matokeo. Usibishane naye kuhusu tabia yake, huna muda huo. Akikataa, nenda moja kwa moja kwenye kamati ya maadili iliyompa kibali cha utafiti, andika kwa jina lako kamili, na useme pia wewe uliandika nini. Usipeleke barua isiyo na jina, atauliza ushahidi uko wapi na safari hii atakuwa na haki.

Atakunyima nafasi? Huenda. Utalia, na una sababu ya kulia, maana uliitaka kwa moyo wote.

Ila kabla hujampigia mtu yeyote simu, nenda kwa mama mdogo. Mwambie ulimdanganya, kwamba hujui kama poda ile inamsaidia mtu yeyote, na kwamba yeye ulimwandika amepona. Usiangue kilio ukamfanya aanze kukubembeleza wewe. Kaa, mwache aseme yote aliyonayo. Nafasi za upasuaji zitatangazwa tena mwakani. Vidole vyake havitaota.